Dirisha la Tatu Kushoto

■■■■■■■■■
20 Aprili 2025

Dada Filomena,

Mie ndiye mtu wa kwanza Mtoni nzima kupanda ndege ambayo haipo. Rudia kusoma, sijakosea kuandika. Haipo. Haina jina, haina namba, haina hata kale kabendera ka mkiani, na ukimuuliza mtu yeyote pale uwanjani atakwambia ndege gani, we kijana, hebu nenda zako. Sasa mtu anayepanda ndege isiyokuwepo akafika salama, huyo utamwitaje? Wale wa kijiweni wanaojisifu eti wamefika Zambia, waambie wakae pembeni.

Najua unacheka. Unasema Romani huyu wa kidato cha pili nusu, aliyetangaza posa ya Mwanaheri mtaa mzima kabla Mwanaheri mwenyewe hajaambiwa, ndiye serikali imempa siri? Ndiyo. Serikali ilikaa kikao, ikauliza nani Temeke hii ana kifua. Mwisho mzee mmoja akasimama akasema, kuna mtoto wa fundi Valerian, mchonga vinyago.

Ilikuwa hivi. Jumatatu ile alfajiri basi lenye mapazia lilituchukua, watu kama thelathini, wapishi, mafundi bomba, wafua nguo, kila mtu kashika kifuko chake na hakuna anayemsemesha mwenzie. Simu tuliziacha kwenye bahasha zenye majina yetu. Ndege yenyewe nyeupe, nyeupe ya maziwa, imesimama peke yake mwisho wa uwanja kama kitu kilichosahauliwa. Ndani kila dirisha lina kijipazia kimefungwa kwa vifungo na hairuhusiwi kugusa. Basi jua lilipochomoza likapita kwenye vile vitambaa, ndege nzima ikawa kama tuko ndani ya yai. Watu wote wakalala. Wote kwa mara moja, Dada, na ndege ikipinda vichwa vyote vinapinda upande mmoja. Mie peke yangu macho. Nilikaa dirisha la tatu kushoto, nikaegesha shavu kwenye kipazia, nikasikia baridi ya mawingu ikipita upande wa pili. Baada ya saa ■■■ tukashuka ■■■■■■■■■ na hapo ndipo nilipo.

Barua zetu anazisoma bwana mmoja ana kalamu ya wino mweusi. Ukiona mistari myeusi ujue hapo ndipo palipokuwa patamu.

Kazi yangu ni nyeti, siwezi kusema. Elewa tu kwamba bila mie watu ■■■ hawali. (Haya, kwa kuwa ni wewe, naosha masufuria. Ukimwambia mtu nakukana.) Tunakaa wiki kumi na mbili bila kutoka, ndege inaleta wengine na kurudisha wengine kila Jumatatu. Zamu yangu ya kutoka ni Saba Saba. Hujachelewa kuanza kupika.

Mpe Baba shikamoo yangu. Mwambie sasa ana mtoto wa juu.

Ndugu yako mheshimiwa,
Romani Valerian
Mtu wa Angani


Mtoni
4 Mei 2025

We Mtu wa Angani,

Barua yako ilikuja kwenye bahasha ya kaki kwenye sanduku la parokia, katibu akaishika kwa vidole viwili kama itamlipukia. Nimemsomea Baba mara nne. Pale pa kuosha masufuria nilipasoma kwa sauti kubwa kuliko pengine pote. Baba alicheka mpaka akadondosha msasa.

Marahaba anasema. Anasema pia huyo bwana wa wino mweusi angeletwa huku akukalie mdomoni tangu una miaka miwili, tungepumzika.

Sasa nisikilize vizuri, utani baadaye. Nilimpeleka Baba kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, na imekaa muda mrefu bila sisi kujua kwa sababu yeye hasemi. Alikuwa anajua vinyago vyake vimeanza kwenda upande, akawa anasingizia mti. Daktari kasema matone yatachelewesha tu, hayatarudisha. Jicho la kulia linaona mwanga. La kushoto bado linaona, ila kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Unajua anachokitaka. Uso wa Mama anao pale juu ya kabati, na wangu aliuchonga nilipotimiza miaka ishirini, na nafasi ya tatu iko tupu. Wewe ulikalishwa kwenye kigoda mara tatu. Mara ya kwanza ulikimbilia mpira, mara ya pili ulimwambia unawashwa, mara ya tatu sitaki hata kukumbusha. Anasema hataki picha ya simu. Anataka ukae mbele yake, atembeze macho. Anasema ni kichwa chako tu kimebaki, halafu hata giza likija lije.

Kwa hiyo Saba Saba njoo moja kwa moja nyumbani, usipitie kijiweni.

Swali lake lingine, usinicheke, anauliza hapo mlipo mnapikia kuni gani.

Dada yako,
Filomena


■■■■■■■■■
25 Mei 2025

Dada Filomena,

Nimesoma. Pale pa macho nimesoma mara mbili, halafu nikaenda kuosha sufuria la maharage ambalo lilikuwa limeshaoshwa.

Mwambie Baba nitakaa. Mwambie safari hii hata siafu wapande mguuni nitakaa kama mtu wa sarakasi aliyegandishwa. Saba Saba ni Jumatatu, kufika Jumanne niko kwenye kigoda.

Huku ni kama mahali mtu alipaota halafu akasahau kupamaliza. Mawe yote ya kando ya njia yamepakwa chokaa. Kuna milango isiyo na nyumba. Kuna filimbi inapulizwa saa nane mchana na watu wote wanasimama palepale walipo, mwenye ndoo kashika ndoo, mwenye kijiko kashika kijiko, mpaka ipulizwe tena. Mie siku ya kwanza nilikuwa nimeinua mguu. Asubuhi ukungu unaingia jikoni kwa mlangoni kabisa, unapita kama mama mwenye nyumba, unatokea dirishani. Juzi alipita ■■■■■■ na watoto wake, nikamsalimia. Udongo ni ■■■■■■ na ukikanyaga ■■■■■■■■■.

Kuni, mwambie hivi. Ni kuni fupi nzito, nje nyeupe, moyo mweusi. Ukizigonganisha zinalia kama chuma. Moto wake hauna haraka, makaa ya Jumamosi ninayakuta Jumatatu yako hai chini ya jivu, na jivu lenyewe laini kama poda ya mtoto. Zinaletwa lori zima zikiwa zimekatwakatwa. Mpishi mkuu anasema ni kuni nzuri sana. Mie kila nikitia kipande motoni nakigonga kwanza nisikie, sijui kwa nini. Nadhani ni kukua nyumba moja na Baba.

Naandikia hapahapa jikoni, ndiyo maana karatasi ina moshi. Vumilieni.

Waziri wa Masufuria,
Romani


Mtoni
15 Juni 2025

Mdogo wangu,

Bwana wako wa wino alifuta mnyama, akafuta udongo, akaacha kuni. Bila shaka hakuzaliwa na fundi.

Nilipofika pale pa "nje nyeupe, moyo mweusi" Baba akaniambia simama. Akaomba karatasi. Akainusa, Romani. Akaiweka puani akakaa nayo muda mrefu, tezo ya kuchongea iko mapajani, wateja wawili wamesimama wanamngoja. Halafu akasema, huo ni mpingo, na huo ukungu unaopita mlangoni naujua, nimeamka nao miaka kumi na minane. Akasema, mtoto wamempeleka kwetu.

Unaelewa? Ndege yako yote hiyo na mapazia yake imekupeleka alikozaliwa yeye, akaondoka kijana na tezo moja na hajarudi. Hajui ni kijiji gani, lakini anasema ni upande ule, hawezi kukosea. Tangu siku hiyo analala akitabasamu.

Sasa anataka kipande kimoja. Urefu wa mkono toka kiwiko mpaka kiganja. Anasema mpingo wanaomletea hapa siku hizi ni ngozi tupu, ile nyeupe ya nje, hauna moyo, na kichwa chako hawezi kukichonga kwenye ngozi. Anasema wao wanachoma tu, kipande kimoja hawatakikumbuka.

Mimi sijui sheria za huko. Nakuandikia kwa sababu kaniambia niandike, na bahasha hii nimempa Benson mkononi, huyo mwenzako mpakia mizigo anayekwenda na kurudi na ndege kila Jumatatu, uliyemtuma alete salamu, kasema ataiingiza mwenyewe. Kama ni hatari acha. Uso ndio muhimu. Daktari kasema kufika Nane Nane tukiwa na jicho moja tumshukuru Mungu.

Filomena


13 Julai 2025

Dada yangu mpenzi Filomena,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimepandishwa cheo!

Ilikuwa nitoke Saba Saba kama tulivyosema. Nimefika kwenye ngazi ya ndege, begi mgongoni, mkubwa mmoja akaniita pembeni akasema, Romani, wewe tumekuangalia. Masufuria siyo saizi yako. Kuanzia leo wewe ni mhudumu wa ndani ya ndege. Dada, nina shati jeupe lina vifungo vya dhahabu! Kila Jumatatu naruka, kwenda na kurudi, nagawa chai ya tangawizi kwa watu waliolala. Likizo yangu imebidi isogezwe mbele kidogo, maana ndege bila mie haiendi vizuri, inayumba.

Na sasa mapazia nafungua mie mwenyewe. Acha kabisa. Mawingu chini yetu yamelala kama pamba ya godoro lililopasuka, na kivuli cha ndege yetu kinakimbia juu yake, kimezungukwa na duara la rangi zote za upinde wa mvua. Mara naona mto umejikunja kama uzi wako wa cherehani uliokatika. Mara naona moshi wa nyumba moja katikati ya pori na nawaza nani anapika chai saa hizi. Sikia na hii, tukitoka uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunapita juu ya Mtoni yetu kabisa, mabati yote yanameta, na mie huwa nimekaa palepale pangu, dirisha la tatu kushoto. Mwambie Baba Jumatatu akae nje. Apunge mkono. Nitampungia.

Ule mzigo wa Baba upo, nimeuhifadhi mahali pazuri. Awe mvumilivu.

Barua zangu sasa analeta Benson, ofisi imebadili utaratibu. Na zako mpe yeye.

Mhudumu Mkuu wa Anga,
Romani


Mtoni
3 Agosti 2025

Romani,

Hongera kwa cheo na vifungo.

Baba anakaa nje kila Jumatatu tangu barua yako ifike. Anatoa kigoda mapema, ndege ikisikika anasimama na kuinua tezo juu. Mama Bupe wa vitumbua ameshazoea, anamwambia, fundi, mwanao huyo. Sasa mtaa mzima unajua dirisha la tatu.

Macho ya Baba yanaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi na kazi.

Nina maswali madogo tu. Yule bwana wa wino mweusi ameacha kazi? Maana barua yako ilikuwa na mito na mabati na saa kamili ya kuondoka, na haina mstari hata mmoja. Na nilipoikunjua kikaanguka kitu kwenye cherehani yangu, nikakiokota, nikakiweka kwenye mwanga. Gamba la samaki. Huko angani mnavua?

Baba anauliza utakuja lini. Anasema mti unaweza kungoja.

Filomena


24 Agosti 2025

Dada,

Hahaa, gamba! Wakubwa wanapenda samaki aina ya changu, bwana. Tunawabebea kwenye ndege ndani ya makasha ya barafu, na mie ndiye ninayehakikisha ubora. Na bwana wa wino sasa ni rafiki yangu, ananiamini, hasomi tena.

Nimeota ndoto, nikusimulie. Ndege ile nyeupe imejaa, watu wote wamelala, mwanga ule wa ndani ya yai. Napita na chai. Nafika dirisha la tatu kushoto, nani kakaa? Baba. Kavaa koti lake la Pasaka, kashika kipande cha mpingo mapajani, anakichonga, na vumbi lake jeusi linaelea hewani halidondoki. Namwambia, Baba, hapa hairuhusiwi. Ananiambia, kaa. Nakaa mbele yake. Halafu ndege haifiki, Dada. Inaruka tu, na mie nimekaa, na yeye anachonga, na hakuna anayeamka.

Nitakuja. Kabla ya Krismasi kabisa kabisa.

Na mwambie Baba hivi, yeye ataelewa. Mwambie nimemwelewa. Mwambie asante, na nitamlipa heshima ile.

Romani


Mtoni
7 Septemba 2025

Romani,

Baba anauliza, umemwelewa nini?

Nilimsomea, akaniomba nirudie. Kasema hajui unazungumzia nini, labda mtoto ana homa.

Basi nimechoka na huu mchezo na nitaanza mimi kuwa mkweli. Jumapili iliyopita nilimbana Benson getini parokiani, nikamshika mkono wa shati mbele ya waumini. Amesema yote. Kwamba ulitolewa kwenye orodha siku ileile ya Saba Saba. Kwamba uko Kunduchi, kwenye mapipa ya kukaangia, unapaa samaki magamba, na unalala kwake. Kwamba anatumwa na wewe kuniletea uongo na amechoka kama mimi. Maskini alikuwa karibu kulia, mwanaume mzima.

Sina hasira. Nilikuwa nayo Jumapili, imeisha Jumatano.

Na mimi nilikudanganya. Nilikwambia macho yanaendelea vizuri. Yaliisha, Romani. Ijumaa ya kwanza ya Agosti asubuhi aliniuliza mbona sijafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Tangu siku hiyo haoni kitu, si mwanga, si kivuli, si mkono ukipita mbele yake. Alinikataza nisikuandikie. Alisema mtoto yuko kwenye kazi ya serikali, akisikia atakimbia aache, na kukimbia ndiyo kazi anayoiweza. Kwa hiyo nikaandika ule uongo wangu nikiwa na gamba lako la samaki mezani.

Jumatatu bado anakaa nje. Ndege anaijua kwa mlio. Anasimama na kuinua uso, na watu wasiojua wanadhani anaona, maana anageuza kichwa kama mwenye macho, sauti ikitoka huku anatazama huku.

Sijamwambia kwamba haumo. Hilo ni lako.

Na anachonga. Alichukua kile kigogo cha zamani cha chini ya kitanda, nusu ngozi nusu moyo, akasema basi hikihiki. Anapapasa uso wangu, anasema pua ni hii, paji ni hili, masikio anayakumbuka kwa kuyavuta. Kichwa kimetoka, Romani. Nikipita ukumbini nashtuka. Ni wewe, isipokuwa chini ya pua ni mti mtupu. Anasema mdomo wako hawezi. Anasema toka umezaliwa haujawahi kutulia hata mara moja akauona, na sasa hajui aukate vipi.

Huo ndio anaoungoja.

Filomena


Kunduchi
14 Septemba 2025

Dada,

Nilianza barua hii kwa kusema mie ndiye ■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■. Nimeifuta mwenyewe. Umeona, nimejifunza kazi ya yule bwana.

Haya. Kipande nilikipata. Nilikichagua kwenye rundo la kuni wiki nzima, nakigonga, nakisikiliza, moyo wake mweusi tii mpaka pembeni. Nilikifunga kwenye paja kwa kamba ya begi, ndani ya suruali. Saba Saba kwenye ukaguzi nikawa natembea kama mtu wa mguu wa bandia. Wakakikuta. Yule afisa, mama mmoja mtulivu, hata hakukasirika. Alikiweka mezani akaniuliza tu, kijana, kuni ya nini? Ningesema ni rungu, ningesema ni dawa ya mgongo, angenicheka yakaisha. Dada, nilijisifu. Nilimwambia Baba yangu ni fundi mkubwa kuliko wote, kwamba alinusa karatasi moja tu akiwa Mtoni akajua mpaka upande wa nchi tulipo. Nilisema hivyo nikiwa nimevimba kifua. Mama yule akaweka kalamu chini, akamwangalia mwenzie. Akasema, asante kwa kutueleza. Wakanirudisha na ndege ileile, dirisha lilelile, mapazia yamefungwa, na jina limekatwa. Mpingo ulibaki mezani.

Nikashindwa kuja. Nilitoka uwanjani nimeshika bahasha yenye simu yangu, nikawaza nitafika pale sina kazi, sina mti, mtaa mzima umeshaambiwa mie ni Mtu wa Angani. Nikasema nikae kwa Benson siku mbili. Siku mbili zikawa wiki. Ile Julai yote Baba alikuwa bado anaona, na mie nilikuwa Kunduchi, asubuhi moja tu toka nyumbani, navua magamba na kuandika mawingu. Mawingu yale sikuyaona, Dada. Niliyatunga nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Niliandika kila siku napaa, na kweli nilikuwa napaa, samaki. Cheka kidogo, mie nimeshindwa.

Jumatatu nitakuja. Nitafika mapema kabla ndege haijapita, nitakaa kwenye kigoda, atie mikono yake usoni kwangu muda wote anaoutaka. Nitamwambia mwenyewe kwamba simo ndani ya ile ndege. Lakini kuna kitu kimoja uje ukijue kabla sijafika, kwa sababu ukikisoma nikiwa mbali nitapata nguvu ya kuja.

Nilishakuja.

Jumatatu ya tarehe kumi na nane Agosti. Sikuweza kulala nikiwaza anavyopunga, nikasema nikamwone tu kwa mbali. Nilisimama ng'ambo ya kichochoro, pale kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, hatua kumi, nina mfuko wa samaki mkononi. Wewe hukuwepo, cherehani ilikuwa kimya. Mabati yalikuwa yameanza kumeta. Ikaja. Nyeupe, juu kabisa, taratibu, kama haina haja ya kufika. Baba akasimama. Akainua tezo, akamwambia Mama Bupe kwa sauti, Romani huyo anapita! Dirisha la tatu! Akaifuata mpaka ikaisha. Halafu akashusha uso.

Akanitazama. Machoni kabisa, Dada. Mie nikaganda kama ile filimbi imepulizwa. Akanitazama muda mrefu, akatabasamu kidogo, akakaa, akaendelea na msasa wake. Hakuniita, hakumwambia mtu. Nikajua ameniona. Nikajua ameshafahamu yote na ananisitiri mbele ya watu, ananiachia nirudi kwa wakati wangu. Niliondoka pale nalia kwa furaha. Nilitembea mpaka barabarani nikiwaza nina baba wa namna gani mie. Ndiyo ile niliyokutuma umwambie, nimemwelewa.

Juzi ndiyo nimesoma barua yako. Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Kwa hiyo kinachoniuma kufukuzwa siyo. Uongo siyo, Julai ile labda atanisamehe, ananijua. Ni hivi. Mdomo huu ulioanika posa ya watu, uliomsimulia afisa ambacho hakuuliza, mdomo ambao Baba ameungoja miaka ishirini na mmoja utulie auone, ulitulia siku ile mbele yake. Ulitulia vizuri, kwa muda mrefu, kama alivyoutaka siku zote, na hakuwa na macho ya kuuona. Alichobakiwa nacho ni masikio, na neno moja lingetosha. Shikamoo. Nilikuwa nalo kwenye ulimi, Dada, na sikulisema.

Romani